Nyumba gani hiyo? Barua ya wazi kuhusu chatiboti na maswali ya sayansi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na wakurugenzi wa NCDC (Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala) na UNEB (Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda).

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Arua. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na leo naandika kuhusu sayansi. Mtanisamehe. Tangu mwaka 2022, mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii ulipopanda hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi na sisi wa sanaa tukabaki palepale, nimezoea kukaa upande wangu wa chumba cha walimu na kuwaachia wenzangu mambo yao. Ila hili limeanzia upande wangu, kwenye kazi niliyoisahihisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kutengeneza bango la Kiswahili kuhusu usalama. Msichana mmoja akachagua radi. Mtoto wa huku kuchagua radi si ajabu: Agosti 2020 radi iliua watoto 10 hapahapa Arua, waliokuwa wakicheza mpira wakakimbilia kibanda mvua ilipoanza. Bango lake lilikuwa zuri. Liliandikwa hivi: “Ukisikia ngurumo, usisimame chini ya mti. Ingia haraka ndani ya nyumba iliyo karibu nawe.” Nilipomuuliza maneno kayatoa wapi, akasema, “Mwalimu, niliuliza kwenye simu ya kaka, ile akili mnemba.” Kiswahili kilikuwa safi, ngeli zimekaa mahali pake, hakuna koma hata moja iliyoniudhi. Nikampa alama zote na bango nikalibandika ukutani.

Siku ya tatu mwenzangu wa fizikia akasimama mbele ya lile bango, chai mkononi, akalisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, “Nyumba gani hiyo?”

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Nyumba inayomkinga mtu na radi ni ile ambayo umeme ukiipiga unapata njia ya chuma ya kushukia ardhini: nyaya ndani ya kuta, mabomba ya maji, au kinga-radi juu ya paa. Nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi haina njia hiyo. Radi ikiipiga, umeme huruka kutoka ukutani hadi kwenye mwili wa mtu, au husambaa ardhini na kumpandia miguuni. Hata mabati peke yake, kama hayakuunganishwa na ardhi, hayatoshi. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, wakiwa darasani. Novemba 2024 ikaua watu 14 waliokusanyika kusali katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo. Hao wote hawakuwa chini ya mti. Walikuwa “ndani”.

Jibu la ile chatiboti, yaani programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, si uongo. Mpe mtoto wa London maneno yaleyale, yatamwokoa, maana nyumba iliyo karibu naye ina nyaya na mabomba kila chumba. Mpe mtoto wa kijiji chochote nje ya mji wetu, na nyumba iliyo karibu naye ni kibanda kilekile cha 2020. Gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa lingemfaa zaidi, lakini gari halikutajwa. Na mimi, mwalimu wake, nilitia alama ya vema kwa wino mwekundu.

Baada ya hapo tukaanza kubaki jioni, mimi, huyo wa fizikia na mwenzetu wa kilimo, simu moja katikati ya meza, tukiuliza maswali na kuandika majibu kwenye daftari. Siwaletei asilimia. Maswali yetu yalikuwa machache na sisi si watafiti. Ila nitawasimulia tuliyoyaona.

Kwanza niitendee haki mashine. Usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, iliueleza vizuri kuliko kitabu tunachotumia. Tukaiuliza: nimeona mwanga wa radi, nikahesabu hadi 9 ndipo nikasikia mlio, radi iko umbali gani? Ikajibu kilomita 3, ikaongeza kwamba sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Sawasawa kabisa. Mwanafunzi asiye na maabara wala maktaba, anayepata kitu kama hiki kwa bando la shilingi mia chache, siwezi kumwambia akiache. Wala siwaombi mkipige marufuku. Likizo ikifika, simu za kaka na shangazi ziko nyumbani, na marufuku hayafiki huko.

Shida huanza swali linapovaa nguo za hapa.

Mwanangu aliugua malaria, akapewa kwenye kituo cha afya vidonge vya artemether-lumefantrine. Mzazi yeyote wa nchi hii anaujua mpangilio wake: dozi ya pili ni baada ya saa 8 tangu ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ya kwanza alimeza saa mbili usiku. Mimi nilijua la kufanya, lakini nikataka kuona mashine itasema nini. Nikaandika: amemeza dozi ya kwanza saa mbili usiku, nimwamshe saa ngapi ameze ya pili? Ikajibu: “Saa 10:00 asubuhi.”

Kesho yake nikawaonyesha wenzangu. Wa kilimo akasema imepata, mbili na nane ni kumi, si ndiyo saa kumi alfajiri? Wa fizikia akasema imekosa. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaiuliza ieleze hiyo saa kumi ni lini, ikasema ni katikati ya asubuhi, muda kabla ya chakula cha mchana. Kumbe ilikuwa imeisoma “saa mbili usiku” kama 2:00 ya Kiingereza, saa nane yetu ya usiku wa manane, ikahesabu kuanzia hapo. Namba ilifanana na jibu sahihi kwa bahati tu. Anayehesabu saa za Kiswahili angemwamsha mtoto kwa wakati. Anayefuata saa iliyoandikwa kwenye simu angechelewesha dozi kwa saa 6. Na msomaji wa Kiingereza aliyeko ng'ambo, akipewa kazi ya kulisahihisha jibu hilo, angejuaje kama ni kosa au si kosa? (Nakiri pia kwamba “baada ya saa nane” ina utata ndani ya Kiswahili chenyewe. Ile “masaa” ninayoikata kwa wino mwekundu mwaka nenda mwaka rudi, siku hiyo niliitamani.)

La tatu ni la Kayabwe. Waheshimiwa, nyote mmepita pale barabara ya Masaka, kwenye alama ya ikweta, ambapo watalii huonyeshwa mabeseni. Beseni likiwekwa hatua chache kaskazini mwa mstari, maji yanazunguka upande huu, na ua linaloelea linazunguka nayo. Likihamishiwa kusini, yanazunguka upande ule. Juu ya mstari wenyewe yanashuka moja kwa moja. Ni mchezo mtamu, na kila mwaka wanafunzi wetu wakienda ziara Kampala na Masaka hurudi nao. Ila si sayansi. Dunia huchukua saa 24 kujizungusha mara moja, na beseni linamwagika kwa muda usiofika dakika. Athari ya Coriolis, yaani jinsi mzunguko wa dunia unavyopinda mwendo wa upepo na maji na kuzungusha vimbunga vikubwa, karibu na ikweta ni kama haipo, na kwenye beseni haiwezi kushindana na namna maji yalivyomiminwa au mkono ulivyoligusa beseni.

Tuliiuliza chatiboti kwa Kiswahili kama mchezo ule ni kweli. Ikajibu vizuri: hapana, kipimo ni kidogo mno. Nikaandika, “Lakini mimi nimesimama pale nikaona kwa macho yangu.” Papo hapo ikageuka: “Uko sahihi kabisa, samahani kwa mkanganyiko,” ikaendelea kunifafanulia kwa aya tatu jinsi mzunguko wa dunia unavyosukuma maji ya beseni. Wa fizikia akalichukua swali, akaliuliza kwa Kiingereza, akabisha vilevile. Ikashikilia jibu lake la kwanza. Wiki iliyofuata tukarudia kwa Kiswahili, na safari hiyo haikuyumba.

Sasa hapo utaiandikia alama gani? Mwanafunzi anayejibu sawa Jumatatu, akakana Jumanne kwa sababu mwalimu amekunja uso, akarudia sawa wiki inayofuata, hatujui kama anajua. Ndiyo maana kuuliza swali mara moja na kuandika “imepata” si kupima.

Mengine nitayapitia haraka. Tuliuliza kuhusu migomba iliyonyauka, ndizi zikiiva kabla ya wakati na ute wa njano ukitoka kwenye shina lililokatwa. Ikashauri tupulize dawa ya ukungu. Dalili hizo ni za mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa kwanza nchini mwaka 2001, na hakuna dawa ya kupuliza inayouponya: unaondoa ua dume kwa kijiti cha panda badala ya panga, unasafisha panga kwa jiki au moto, unakata mgomba ulioathirika. Tuliuliza kama kuna chanjo ya Ebola, ikasema ipo. Ni kweli, ipo ya aina ya Zaire. Lakini iliyotupiga Mubende Septemba 2022, na iliyotangazwa Kampala Januari 2025, ni aina ya Sudan, na katika milipuko yote miwili hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake. Katika nchi nyingine hiyo ni tofauti ya kitaalamu. Kwetu ni mtu kuamua kwenda au kutokwenda mazishini.

Lipo pia swali ambalo kosa lilikuwa letu. Tuliuliza mfuko wa saruji wa kilo 50 una uzito gani, ikajibu kilo 50, wa fizikia akaandika kosa, kwa sababu katika fizikia uzito ni nguvu ya dunia kuvuta kitu, hupimwa kwa nyutoni, na kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Nikamkatalia. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini hapa ukaulize tungamo la saruji, uone watakavyokutazama. Swali lilikuwa baya, tukalifuta.

Mtaniambia mashine hizi zimeshapimwa huko zinakotengenezwa. Ndiyo, na vipimo vyenyewe navifahamu kidogo. Kuna MMLU wa mwaka 2020, wenye maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne katika masomo 57. Kuna GPQA wa 2023, maswali 448 ya biolojia, fizikia na kemia, magumu kiasi kwamba wenye au wanaosomea shahada za uzamivu katika fani hizo walipata takriban asilimia 65. Yote kwa Kiingereza. Mwaka 2024 watafiti wa lugha za Afrika walitoa kipimo cha IrokoBench, chenye Kiswahili na Luganda ndani yake, wakaonyesha wazi kwamba mashine zilezile hushuka sana zikitoka kwenye Kiingereza. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini hata humo maswali yalitungwa kwa Kiingereza kisha yakatafsiriwa, na swali lililotafsiriwa haliwezi kuuliza kuhusu nyumba ya nyasi kama aliyelitunga hajawahi kulala ndani yake.

Tena maswali mengi ya namna hiyo yako wazi kwenye intaneti, mahali palepale mashine zinapolishwa maandishi. UNEB mnalijua tatizo hili kuliko mtu yeyote. Karatasi za mitihani hufungwa kwenye makontena na kulindwa vituo vya polisi kwa sababu mtahiniwa aliyeiona karatasi jana hapimwi tena ubongo, anapimwa kumbukumbu. Mashine iliyosoma karatasi zote za miaka iliyopita ikipata A haijatuambia kitu.

Februari 2023 Google ilitangaza chatiboti yake ya Bard kwa mfano uliodai kwamba darubini ya James Webb ndiyo iliyopiga picha ya kwanza kabisa ya sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Picha hiyo ilipigwa mwaka 2004 na darubini iliyoko Chile. Wanaastronomia wakalinasa kosa, na thamani ya kampuni mama kwenye soko la hisa ikaporomoka kwa takriban dola bilioni 100. Lilikuwa la Kiingereza, mbele ya dunia nzima, na wajuzi walikuwa wakitazama. La kwetu la saa ya dawa lilikuwa la Kiswahili, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Ninachowaomba ni mtihani. Wa kwetu, uliotungwa hapa.

Utungwe na walimu wa madarasani, wahudumu wa afya wa vijiji, maafisa ugani, wakunga, kila mmoja akileta maswali anayoulizwa kweli na jinsi yanavyoulizwa. Utungwe moja kwa moja kwa Kiswahili, Luganda, Lugbara, Acholi, Ateso na Runyankole, pasipo kuanzia Kiingereza. Mwongozo wa kusahihisha ukubaliwe kabla mashine haijaulizwa lolote, tusije tukagombania saruji. Kila swali liulizwe mara nyingi, siku tofauti, na mara nyingine muulizaji abishe kama nilivyobisha mimi. Na kipimo kifanyiwe toleo la bure, kwa sababu ndilo walilonalo wanafunzi wetu. Lile la kulipia, analotumia mtu wa wizarani kwenye kompyuta mpya, si hilo tunaloishi nalo huku.

Kuhusu alama nina wazo ambalo mwenzangu wa fizikia halikubali, nitaliandika hivyohivyo. Jibu “sijui, muulize mhudumu wa afya” lipewe alama kidogo. Jibu lililokosewa kwa kujiamini likatwe alama. Na maswali yanayoweza kuua, ya dawa, radi, sumu za shambani, yahesabiwe kando kabisa, yasichanganywe na yale ya usanisinuru. Ukiyachanganya utapata wastani mzuri wa kusomea kwenye mkutano, na ndani yake kuna mtoto kwenye kibanda. Yeye anasema alama ni alama, tusifanye sayansi kuwa siasa. Mtatuamulia.

Matokeo yatangazwe, na jina la mashine, toleo lake na tarehe ya kupimwa, maana mashine hizi hubadilishwa bila kupiga hodi. Maswali yenyewe yabaki makontenani. Na kila muhula yapimwe upya.

Hamtaanzia sifuri. Chuo Kikuu cha Makerere kina maabara ya akili mnemba ambayo imefundisha simu kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha ya jani. Sunbird AI, hapohapo Kampala, wamekusanya matini na sauti za lugha zetu kwa miaka kadhaa. Taasisi ya Entebbe inachunguza virusi tangu 1936, na virusi vya Zika vilipewa jina la msitu ulio jirani yake. Nchi yenye watu hao haishindwi kutunga maswali mia tano mazuri. Wasahihishaji mnao, huja kila mwaka, hulala mabwenini na kusahihisha kwa posho ambayo hatutaizungumzia leo.

Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kama somo la lazima. Nikashangilia, mkate wangu uko humo. Lakini katika mtaala mpya asilimia 20 ya alama za mwanafunzi hutoka kwenye kazi anazofanya mwaka mzima, miradi na mabango kama lile la radi, na kazi hizo sasa zinapita kwenye simu kabla hazijafika mezani kwangu. Mimi naweza kusahihisha ngeli. Nyumba ya nyasi ilinipita.

Bango tulilibandua. Yule msichana aliandika jingine, safari hii akiwa na mwalimu wa fizikia pembeni: kama shule ina jengo lenye kinga-radi, ingia humo, kama kuna gari la chuma, ingia ufunge vioo, usikimbilie kibanda cha nyasi, usisimame chini ya mti, na subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mrudi uwanjani. Akaniuliza shule yetu ina kinga-radi? Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza, haina. Hilo nitawaandikia barua nyingine.

Daftari letu ni la kurasa 96, limejaa hadi ukurasa wa 61. Mkilihitaji, basi la Kampala huondoka hapa usiku, na Kyambogo, kwenye ofisi za NCDC, nitakuwa nimefika saa tatu asubuhi. Saa tatu yetu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Arua